NIRU HAISHIKI VUMBI

Maelezo ya Katibu kuhusu sakafu ya ghala letu, aliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ili ndugu ambao hawakuhudhuria wayasome. Asiyejua kusoma asomewe na jirani.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa Bodi ya Ushirika, ndugu wanachama, kina mama, kina baba, na nyie vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi.

Nimepewa muda nieleze jambo moja tu, sakafu ya ghala. Mkutano uliopita lilitolewa wazo kwamba tununue mifuko 5 ya saruji, fundi apige niru mpya juu ya ile iliyobanduka, kazi iishe kwa siku mbili, mahindi yaingie. Wazo hilo lilipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga, na watu waliniona. Leo naeleza kwa nini, na nikimaliza mnihoji, halafu tupige kura.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana nimeona tunabishana huku kila mtu anasema kitu chake. Ghala letu lina mawe na kifusi chini. Juu ya kifusi kuna jamvi la zege, yaani saruji, mchanga na kokoto. Jamvi ndilo linalobeba mzigo. Juu ya jamvi ilitakiwa iwepo lipu ya sakafu, yaani mchanga na saruji bila kokoto, imeshindiliwa na kunyooshwa kwa ubao. Niru ni kitu kingine. Niru ni saruji tupu na maji, unene wa milimita 2 au 3, inayosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Sisi hatukuwahi kuwa na lipu. Jamvi lilikaa miaka mitatu likikanyagwa, likamwagikiwa mafuta ya taa na dawa ya wadudu, ndipo siku moja likafagiwa na kupigwa niru. Ile niru iling'aa kama sahani. Msimu mmoja tu ikaanza kuinuka kama magamba ya samaki.

Sasa jamani, nani alaumiwe? Fundi tuliyemwita alifanya kile tulichomlipa afanye. Tulimwambia ing'ae, na iling'aa. Tusipoteze jioni hii kumtafuta mchawi.

Hebu tuseme kilichotokea. Zege likimwagwa na kusawazishwa, maji hupanda juu, na hupanda na unga mwepesi wa saruji na matope ya mchanga. Yakikauka huacha utando mweupe juu ya jamvi. Ukiukwaruza kwa msumari unatoka unga. Utando huo hauna nguvu. Ukipaka kitu juu yake, kitu hicho kinashika utando, hakishiki zege. Utando ukiachia, vyote viwili vinatoka pamoja. Chukueni kipande cha niru iliyobanduka mkigeuze, mtaona mgongo wake umebeba unga mweupe. Ndiyo maana nikasema niru haishiki vumbi. Au tuseme inalishika vumbi vizuri sana, ila vumbi lenyewe halijashika chochote.

La pili, jamvi lilikuwa kavu kabisa siku ile. Zege kavu hunywa maji kama mtu aliyetoka shamba saa nane mchana. Saruji inahitaji maji ili igeuke jiwe. Watu wengi wanadhani saruji hukauka kama udongo. Haikauki, inajenga, na inajenga kwa maji. Ikinyang'anywa maji kabla haijamaliza inabaki unga ulioganda tu. Niru yetu ilinyang'anywa maji na jamvi kwa chini, na kwa juu ikanyang'anywa na upepo wa milango miwili iliyoachwa wazi. Kesho yake asubuhi hakuna aliyeimwagilia hata kopo moja.

La tatu, saruji tupu husinyaa sana inapokauka. Mchanga ndio unaoizuia kusinyaa. Ndiyo sababu niru hupasuka mistari mistari kama tope la bwawa lililokauka. Mistari ile ni myembamba, lakini magunia yakiburutwa inakuwa mipana, na ndani yake unaingia unga wa mahindi, na kwenye unga wanaingia fukusi na dumuzi. Wazee wanakumbuka dumuzi alivyotuingilia. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na nchini kwetu alionekana kwanza upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Hahitaji nyumba kubwa. Ufa wa sakafu wenye unga unamtosha kungojea mavuno yajayo.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, ndugu zangu. Tukizungumza sakafu tunazungumza chakula. Mwaka 2004 huko Kenya mashariki, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Walipochunguza walikuta kwamba nyumba nyingi za wagonjwa zilikuwa zimehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya kwenye kihenge. Mwaka 2016 ikawa hapa kwetu Tanzania, Dodoma na Manyara, nako watu wakafa. Sumukuvu hutoka kwenye kuvu, na kuvu hupenda joto na unyevu. Haionekani kila mara, na kuchemsha hakuiondoi. Sisemi sakafu peke yake ndiyo dawa. Mahindi lazima yakauke juani kwanza, na magunia lazima yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Lakini sakafu yenye vumbi, nyufa na unyevu inaharibu hata mahindi yaliyokauka vizuri.

Sasa nije kwenye ufundi. Nimeongea na mafundi wawili wa waashi, na nimesoma, maana kisomo hatukusoma ili tuandike majina yetu tu. Kanuni niliyoikuta ni hii, na naomba muishike hata kama mengine yote mtasahau. Kitu kinachowekwa juu ya zege kuukuu ama kishikane nalo kabisa, ama kiachane nalo kabisa. Kikishikana kabisa kinaweza kuwa chembamba, sentimita 3 au 4, kwa sababu jamvi linakibeba. Kikiachana kabisa lazima kiwe kinene, si chini ya sentimita 5, kwa sababu kinajibeba chenyewe. Kinachoharibika siku zote ni kile cha katikati, chembamba ambacho kimeshika hapa na pale hakijashika. Chukueni fimbo mkagonge pale ghalani. Panapolia kama jiwe pameshika. Panapolia kama mtungi mtupu kuna hewa chini. Karani na mimi tuligonga sakafu nzima tukizungushia chaki, na zaidi ya nusu inalia mtungi. Kupiga niru nyingine juu ya mtungi ni kuufunika mtungi.

Ndugu mmoja aliniuliza njiani, mbona ukuta hupigwa lipu nyembamba na haidondoki? Swali zuri. Ukuta wa matofali una mikwaruzo na maungio ya kushikia, tena fundi huulowesha kabla. Na zaidi ya yote, hakuna mtu anayeburuta gunia la kilo 100 juu ya ukuta.

Kabla ya kuamua tushikane au tuachane, ilibidi tujue kama unyevu unapanda kutoka chini. Zege lina vitundu vidogo, na maji hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Niru haizuii unyevu huo. Kuupima si kazi ngumu. Tulikata vipande vya nailoni vya mita moja kwa mita moja, tukavitandika sehemu nne ambazo tulikwisha kubandua niru, tukabana kingo zote kwa gundi ya karatasi na kuziwekea matofali. Tukaviacha siku nzima na usiku wake. Ghalani vipande vitatu vilikuwa vikavu chini yake, maana ghala liko juu ya msingi mrefu. Kipande cha nne kilikuwa katika ofisi ya karani, kile chumba kilichoongezwa baadaye upande wa mlimani. Kile kilikuwa na matone kama sufuria iliyofunikwa. Ndiyo maana daftari za karani zinanuka uvundo kila masika, na watu walikuwa wakimsingizia kuwa anamwaga chai.

Kwa hiyo tuna kazi mbili tofauti chini ya paa moja.

Ghalani tushikane. Niru yote itolewe, hata ile inayoonekana nzima. Halafu jamvi lenyewe lichongwe kwa patasi na nyundo mpaka utando uishe na kokoto zionekane. Naomba tusidanganyane hapa, hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayochosha. Jamvi likishachongwa lawe baya, lenye makovu, kama uso wa jiwe la kusagia lililotoka kuchongwa. Ubaya huo ndio meno ya kushikia. Palipomwagika mafuta pachongwe zaidi, kwa sababu kusugua kwa sabuni hakutoi mafuta yaliyokwisha kuingia ndani. Halafu ifagiliwe, ioshwe kwa burashi ya waya, na kufagiliwa tena.

Jioni ya kuamkia siku ya kupiga lipu, jamvi liloweshwe maji usiku kucha. Asubuhi madimbwi yote yaondolewe kwa tambara. Jamvi liwe limeshiba lakini lisielee. Hapo fundi anakoroga uji wa saruji na maji, mzito kama uji wa mgonjwa, anausugua kwenye jamvi kwa ufagio mgumu. Na lipu imfuate hapo hapo nyuma ya ufagio, kabla uji haujakauka. Wapo mafundi wanaopaka uji chumba kizima, wanakwenda kunywa chai, wanarudi na kumwaga lipu. Uji uliokauka ni utando mpya tumejitengenezea wenyewe! Apake kipande cha kufikia mkono, aweke lipu, apake kingine.

Lipu ni saruji 1 kwa mchanga 3. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo ni mfuko mmoja kwa ndoo 5 za mchanga, ndoo za lita 20, na ukiongeza robo ndoo si neno. Ipimwe kwa ndoo. Koleo moja la kijana na koleo moja la mzee si koleo moja. Maji yawe kidogo. Chukua lipu mkononi, ifinye. Ikibaki donge na mkono haudondoshi maji, ni sawa. Ikisambaratika haijapata maji, ikichuruzika imezidi. Fundi hupenda lipu ya maji mengi kwa sababu inatambaa yenyewe, lakini maji ya ziada hayabaki kuwa jiwe, yanaondoka na kuacha vitundu na nyufa. Na kwa sababu yetu itakuwa ngumu kidogo, lazima ishindiliwe kwa kipande cha gogo kabla ya kunyooshwa kwa ubao. Isiposhindiliwa, juu inakuwa nzuri na chini inabaki kama ugali wa pumba.

Kuhusu mchanga nina neno. Kuna wanaotaka tuchote kule korongoni kwa sababu ni karibu na hakuna gharama ya trekta. Tumepima. Ukitia mchanga kwenye chupa nyeupe mpaka sentimita 10, ukaongeza maji na chumvi kidogo, ukatikisa sana na kuiacha saa tatu, mchanga unatua chini na matope yanatua juu yake. Matope yasifike sentimita 1. Mchanga wa darajani uliacha nusu sentimita. Wa korongoni uliacha sentimita 2 na nusu. Chupa zote mbili ziko mezani kwa karani, kila mtu akaziangalie. Matope hufunika punje za mchanga, saruji ikashindwa kuzishika. Tukatumia wa korongoni, hata tukiongeza saruji itakuwa kazi bure.

Sakafu ya ghala ni mita 10 kwa 6. Tusiimwage yote kwa mkupuo. Tuigawe vipande 8, kila kimoja mita 3 kwa 2 na nusu, na tumwage kimoja tukiruka kimoja kama nyumba za bao la drafti, kisha siku inayofuata tujaze vilivyorukwa. Lipu husinyaa, na ikikosa mahali pa kupasukia itajichagulia yenyewe. Afadhali tuichagulie sisi mstari ulionyooka. Na ule ufa wa jamvi unaokata mlango wa kaskazini, mstari mmoja upite juu yake hasa, maana ufa wa chini hupanda tu, hata uufunike namna gani.

Sasa niru. Najua wapo wanaosikitika moyoni. Kwa ghala nashauri tusiweke kabisa. Lipu ikianza kukaza, fundi aisugue kwa mwiko wa chuma, angoje, airudie, angoje, airudie mara ya tatu. Itakuwa laini ya kufagilika na haina ngozi ya kubanduka, kwa sababu ngozi na nyama ni kitu kimoja. Na fundi yeyote akionekana ananyunyiza unga mkavu wa saruji juu ya lipu yenye maji ili aikaushe haraka, azuiwe palepale. Unga huo unafanya gamba, na gamba tunalijua.

Ofisini kwa karani ni kinyume chake. Pale tuachane. Itandikwe nailoni nzito chumba kizima, ipande ukutani kidogo, na pale vipande viwili vinapokutana vilaliane kwa urefu wa mkono. Jamvi la pale lisichongwe meno, lisafishwe tu mabonge yasitoboe nailoni. Juu yake lipu ya sentimita 6, iliyoshindiliwa vizuri. Ofisi ni ndogo na haina mizigo mizito, sentimita 6 inatosha. Seremala akumbuke kuupunguza mlango kwa chini kabla, maana sakafu itapanda, na sitaki tuje kumkuta karani amefungiwa ndani. Upande wa mlimani uchimbwe mtaro wa kupitishia maji ya mvua. Nailoni inazuia unyevu usipande, haiondoi dimbwi linaloegemea ukuta.

Na kwa kuwa wapo wapenda niru nyekundu kama zile sakafu za shule za zamani zilizosuguliwa polishi, basi ofisini waipate. Ila iwekwe siku ile ile, lipu ikiwa bado mbichi, imekaza kiasi kwamba kidole kinaacha alama lakini hakizami. Saruji na rangi ya unga vichanganywe vikavu kwanza, kisha maji, kisha isuguliwe iingie kwenye lipu. Ikiwekwa hivyo inazaliwa pamoja na lipu. Zile sakafu za zamani tunazozisifu hazikudumu kwa sababu ya rangi. Zilidumu kwa sababu waliozipiga hawakungoja mpaka kesho.

Vijana wanataka marumaru. Marumaru ni nzuri, lakini juu ya lipu ya sentimita 6 yenye nailoni chini, maji yana njia moja tu ya kutokea, nayo ni juu. Itabidi mngoje si chini ya miezi miwili, la sivyo zitaachia. Na ghalani gunia likidondoka juu ya marumaru yenye hewa chini, mtaokota vipande. Hilo tuliache.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na saruji hii, na bado walijenga Kilwa na Unguja kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Neno lenyewe kusakifu ni la kwao. Chokaa ile ilipigwa kwa vipande vya miti siku nyingi, watu wakiimba, mpaka ikakaza. Nimelitaja hilo kwa sababu kuna ndugu alisema mkutanoni kwamba kungoja ni mambo ya kizamani. Naam, ni ya kizamani.

Nije kwenye maji, na hapa naomba kina baba mnisikilize kwa masikio yote mawili. Lipu ikishapigwa, kuanzia kesho yake ifunikwe magunia mabichi au majani ya migomba, na imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, milango imefungwa upepo usipite. Isikauke hata siku moja katikati. Tumekadiria ndoo 10 asubuhi na ndoo 10 jioni. Mimi nimechota maji ya mto huu tangu nikiwa msichana, na najua mazoea yetu. Likitajwa neno maji, macho yote yanageukia kina mama. Safari hii zamu ni ya kila nyumba, na atakayekuja ni mtu mzima yeyote wa nyumba hiyo. Mwenye baiskeli alete kwa baiskeli, mwenye bodaboda alete kwa bodaboda. Mabalozi wameshanipa orodha ya nyumba, na hakuna jina la mke lililoandikwa badala ya jina la nyumba.

Baada ya siku 7 sakafu inaweza kukanyagwa na watu. Mahindi bado. Saruji hupata sehemu kubwa ya nguvu yake katika siku 28, na sisi tunaipandishia magunia marefu kuliko mlango. Tuhesabu siku 28 tangu kipande cha mwisho kilipomwagwa. Mtu asije na gunia lake la kwanza siku ya 15 kwa kuwa ana undugu na mlinzi.

Gharama. Hesabu nimeifanya mwenyewe kwa hesabu za kisomo na karani ameikagua. Ghala ni mita za mraba 60. Kwa unene wa sentimita 4 ni mita za ujazo 2.4. Lakini mchanga na saruji vikichanganywa na kushindiliwa hupungua, kwa hiyo vikiwa vikavu tunahitaji kama 3.1. Robo yake ni saruji, lita 780, sawa na mifuko 23. Ofisi ni mita za mraba 12, kwa njia hiyo hiyo inakula mifuko 7. Uji wa kushikizia tuweke mifuko 2. Jumla 32. Mchanga tuseme mita za ujazo 3 na nusu, pamoja na utakaomwagika. Niru nyekundu ya ofisi mfuko mmoja, na huo wanaoitaka wauchangie wenyewe, hilo wamekwisha kubali.

Mifuko 32 si mifuko 5, nakubali, na sina njia ya kuifanya ionekane midogo. Fedha ipo ile tuliyoitenga kwa mizani mpya. Tukiitumia, mizani itangoja msimu mwingine, na tutaendelea kupima kwa hii ya zamani ambayo kila mtu anaitilia shaka. Naijua shida hiyo, na aliyesimama kuitetea mizani alisema kweli. Lakini mizani mibovu inaweza kukaguliwa mbele ya watu, kila asubuhi, kwa jiwe la kilo linalojulikana uzito. Mahindi yaliyoota kuvu hayana namna ya kurudishwa. Na ile mifuko 5 ya kwanza tumekwisha kuizika. Tukizika mingine 5, tutarudi kwenye mkutano huu huu baada ya msimu mmoja na niru mkononi.

Muda nao hautungoji. Tuna wiki 8 mpaka mahindi ya kwanza yaanze kuingia. Wiki moja ya kuchonga, siku nne au tano za kupiga lipu, kisha siku 28, na za maji zimo humo humo. Tukianza Jumatatu tunamaliza na wiki mbili mkononi. Tukiahirisha wiki tatu, basi mahindi yatalala nje au yatalala juu ya lipu mbichi, na sijui lipi ni baya zaidi.

Tahadhari kidogo kwa watakaochonga. Kila mwenye patasi avae miwani, hata ile ya jua, maana chembe ya zege ikiingia jichoni si mchezo. Watakaoshika lipu wavae mabuti na glovu. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, mtu anatambua jioni vidole vimeshachubuka. Watoto wasikaribie.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kura juu ya mambo mawili. Kwanza, fedha ya mizani itumike kununua saruji mifuko 32, mchanga wa darajani na nailoni. Pili, kila nyumba itoe mtu mmoja siku mbili kwa kazi ya kuchonga, na ipokee zamu yake ya maji.

(Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. La kwanza limepita kwa kura 61 dhidi ya 38. La pili limepita bila kupingwa, kina baba wawili wakaguna. Kazi itaanza Jumatatu saa moja asubuhi. Wa nyumba za juu waje Jumatatu na Jumanne, wa nyumba za chini Jumatano na Alhamisi. Mwenye patasi, nyundo au burashi ya waya aje navyo, viandikwe jina kwa rangi ili visipotee. Magunia makuukuu ya kufunikia yapokelewe na karani. Orodha ya zamu za maji imebandikwa chini ya karatasi hii. Tafadhali msiichane.)